Kupiga picha ndege wa matopeni na viota vyao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi. Mengine yametoka kwa watu walioshika kamera juzi, mengine kwa wapiga picha wazoefu waliochoka kurudi na picha za mgongo wa ndege anayekimbia. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa kando ya maji. Utaona majibu ya viota ni marefu kuliko mengine. Ukikosea mwanga, umepoteza picha. Ukikosea kwenye kiota, yamepotea mayai.

Ndege wa matopeni ni ndege gani hasa?

Nawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale wakubwa wenye miguu na shingo ndefu: korongo, yangeyange, kwarara, domokijiko, na heroe ambaye wengi humwita flamingo. Fungu la pili ni wadogo wa ufukweni, kando ya mabwawa na kwenye tambarare: vitwitwi, ndoero, sululu, chekeamwezi na jamaa zao.

Kinachowatenganisha kwa mpiga picha ni kiota. Yangeyange na korongo wengi hujenga kwa vijiti juu ya miti, mikoko au matete, mara nyingi mamia pamoja. Makinda yao huanguliwa hoi na hulishwa kiotani kwa wiki nyingi. Yangeyange mdogo huchukua kama wiki sita kabla hajaruka vizuri. Vitwitwi na ndoero hawajengi. Hukwangua kishimo kidogo chini, wakataga humo mayai yenye madoadoa ambayo huwezi kuyatofautisha na kokoto, na vifaranga wao huweza kutembea saa chache tu baada ya kuanguliwa. Kwa hiyo kiota cha yangeyange unaweza kukitazama ukiwa mbali kwa mwezi mzima. Kiota cha kitwitwi unaweza kukikanyaga bila kujua.

Nahitaji lenzi ya urefu gani?

Milimita 400 inatosha kuanzia, 500 au 600 ni bora. Kile kipande cha kuongeza urefu kinachofungwa kati ya lenzi na kamera kinasaidia, lakini cha mara 1.4 kinakula nusu ya mwanga, na alfajiri huna mwanga wa kugawa. Kama una milimita 200 tu, usijaribu kuzifidia kwa miguu yako. Piga ndege mdogo ndani ya mandhari kubwa: kwarara watatu kwenye ukungu, au sululu mmoja peke yake kwenye uwanda wa matope unaong'aa. Baadhi ya picha ninazozipenda kuliko zote ni za namna hiyo.

Mbona yangeyange wangu wanatoka weupe tupu, manyoya hayaonekani?

Kwa sababu kamera imeona matope mengi na ndege kidogo, ikadhani mahali pote ni giza, ikaongeza mwanga. Matope yamependeza, ndege ameungua. Punguza mwanga wewe mwenyewe: anza kwa kutoa theluthi mbili ya stopu (kutoa stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), na jua likikaza nenda hadi stopu moja na theluthi. Kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, usitegemee picha iliyoko kwenye kioo cha kamera, maana kioo kikiwa juani kinadanganya. Washa pia ile alama inayometameta penye mwanga uliopita kiasi. Ikimetameta mgongoni mwa ndege, punguza tena. Weusi wa matope utauinua baadaye kwenye kompyuta. Unyoya ulioungua haurudi, hata kwa faili ghafi (RAW) ambalo kamera haijalichakata. Ndege mweusi mbele ya anga jeupe anataka kinyume chake, yaani uongeze.

Na kasi ya shata, lile pazia la kamera linalopitisha mwanga?

Anayetembea, 1/500 ya sekunde. Anayechoma maji kwa mdomo au anayeruka, 1/2000 au zaidi. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikipanda hadi 1600 au 3200, iache ipande. Chengachenga kwenye picha zinasafishika, jicho lililotikisika halisafishiki.

Niende saa ngapi?

Kama ni pwani, soma jedwali la maji kabla hujasoma utabiri wa mvua. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye matope hadi huko mbali wanakoonekana kama nukta. Maji yanapojaa huwasukuma polepole kuelekea nchi kavu, na wewe ukiwa umeshalala mahali pako muda wa saa mbili kabla hayajajaa, wanakuja wenyewe. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, huwaleta karibu kuliko siku za maji mafu. Hakikisha tu pale ulipolala hapageuki kisiwa. Matope laini na maji yanayopanda nyuma yako si mchezo, na ukiwa umekodolea macho kwenye kamera hutayasikia.

Kwa mwanga, saa ya kwanza na ya pili baada ya jua kuchomoza ndizo zenye mali. Jua likishapanda, hewa juu ya matope huanza kuchezacheza, na lenzi ndefu huikuza hewa hiyo pamoja na ndege. Wengi hurudi wakilalamika kuwa lenzi yao ni mbovu kumbe walipiga picha ya joto. Hakuna mpangilio wa kamera unaotibu hali hiyo. Mpige ndege aliyekuja karibu mwenyewe, au funga mkoba.

Jambo moja kuhusu ndege waliojazana ufukweni maji yakiwa yamejaa, wamesimama mguu mmoja, midomo wameifukia manyoyani: hao wanapumzika, wasirushwe. Picha ya kundi zima likiruka inatamanisha, najua. Lakini mwaka 2022 ndege mmoja wa jamaa ya sululu, Limosa lapponica, kijana wa miezi mitano tu, alifuatiliwa kwa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11. Mafuta ya safari kama hiyo hukusanywa matopeni, mnyoo kwa mnyoo, na kila anaporushwa bila sababu anayachoma. Ukitaka picha ya kundi likiruka, subiri. Mwewe atapita, au maji yatawafikia miguuni, nao wataruka kwa shughuli zao.

Namsogeleaje bila kumrusha?

Kwanza jiulize kama kuna haja ya kumsogelea. Yangeyange anayewinda hufuata ukingo wa maji kwa mwelekeo mmoja, hatua baada ya hatua. Mtazame dakika kumi, ujue anakoelekea, zunguka mbali, tangulia, lala chini, msubiri. Atakupita akiwa kazini, na utapata kile ambacho mnyemeleaji hapati kamwe: ndege aliyesahau kuwa upo.

Ukilazimika kusogea, usimwendee moja kwa moja. Nenda mshazari, kama mtu mwenye safari zake, bila kumkodolea macho. Akiinua kichwa, tulia hapo hapo. Akirudi kula, unaweza kuongeza kidogo. Akianza kutembea kwenda upande wa pili, hilo ni jibu, rudi nyuma. Gari nalo ni maficho mazuri kuliko watu wanavyodhani: zima injini, baki ndani, laza lenzi kwenye mfuko wa maharage dirishani. Ndege aliyezoea magari hukimbia pale tu mlango unapofunguliwa.

Na ulale kweli. Lenzi ikiwa usawa wa jicho la ndege, nyuma yake panakwenda mbali na kulainika, na mtazamaji anaingia kwenye ulimwengu wa kitwitwi badala ya kuutazama kutoka ghorofani. Utachafuka. Vaa nguo ambazo hutazililia.

Tabia gani zinafaa kusubiriwa wakati wa kula?

Zote, ila kila mmoja ana yake. Yangeyange mdogo hutetemesha mguu matopeni ili vidagaa vitoke mafichoni. Domokijiko hufagia maji kushoto na kulia mdomo ukiwa wazi kidogo. Kwarara huchomeka mdomo matopeni hadi machoni. Anayenishinda kuondoka ni yangeyange mweusi wa Afrika, Egretta ardesiaca. Huyu hutandaza mbawa mbele hadi ncha zikutane, kichwa kikafichwa chini yake kama mtu aliyejifunika mwavuli, akawinda kwenye kivuli alichokitengeneza. Sekunde chache tu, kisha anakunja, anapiga hatua kadhaa, anafunika tena. Usimpige akiwa amefunika. Utapata kitu kama gunia jeusi. Subiri mbawa zinapoanza kufunguka na jicho la njano linachungulia kutoka gizani. Mimi ilinichukua asubuhi tatu kuujua mpigo wake.

Je, ni kosa kupiga picha kiota?

Si kosa kwa kila kiota. Mti wenye viota vya korongo au yangeyange uliozoea watu kupita chini yake, ukiwa umesimama pale watu wanaposimama siku zote, piga bila wasiwasi. Viota vya chini kwenye mchanga na matope ni habari nyingine. Msimamo wangu ni kwamba tusivitafute kabisa kwa ajili ya picha. Ukikiona kwa bahati kutoka mbali, piga kutoka hapo hapo.

Nieleze kwa nini. Watu hudhani ndege hukalia mayai ili kuyapasha moto tu. Kwenye mchanga wa saa sita mchana anafanya kinyume. Yai linataka joto la karibu nyuzi 37. Likipita 40 na kubaki huko, kiinitete kiko hatarini. Nimemtazama kwa darubini kitwitwi aliyesimama juu ya mayai yake bila kuyagusa, mbawa amezilegeza, mdomo wazi, koo likimpapatika kwa kuhema. Alikuwa mwavuli. Kila baada ya muda alikimbia mbio hadi ukingoni, akajichovya tumbo mara mbili tatu, akarudi manyoya yakichuruzika, akayasimamia tena. Sasa mtoe huyo mahali pake kwa dakika ishirini kwa sababu kuna mtu anatafuta pembe nzuri. Hakuna mnyama aliyekuja, hakuna aliyekanyaga, na bado mayai yamepikika.

Kisha kuna maadui. Yupo kitwitwi mwingine wa Afrika, Charadrius pecuarius, mwenye mayai mawili. Akiondoka kiotani huyapigia mchanga kwa miguu huku akijizungusha, na kwa muda mfupi tu yamefukiwa, hubaki kama mchanga mtupu. Miaka yangu ya mwanzo na kamera nilimfuata mmoja kwa haraka. Alikimbia kabla hajamaliza, yai moja likabaki nusu wazi. Nililala pale, nikajiambia nitapiga chache tu, na zile chache zikawa dakika arobaini. Juu ya kigingi kilichokuwa nyuma yangu alikuwa amekaa kunguru, nami sikugeuka hata mara moja. Kesho yake nilitazama kwa mbali: kishimo, na kipande cha ganda. Picha ninayo hadi leo, ya yai zuri lenye mistari kama wino, na sijawahi kuichapisha. Kunguru hutazama watu wanatazama wapi. Huo ndio ujuzi wao.

Wakati gani ni hatari zaidi?

Mwanzoni: wanapojenga, wanapotaga, na siku za kwanza za kuatamia. Hapo ndege bado hajawekeza mengi, na akisumbuliwa huacha kila kitu kwa wepesi. Siku za kuanguliwa nazo ni za kukaa mbali. Kati ya hapo uvumilivu wao huongezeka, lakini si kwa jua kali, si kwa mvua, si kwa baridi ya usiku.

Makinda wa korongo na yangeyange walio wakubwa kidogo wana hatari yao. Ukiwakaribia hutapika chakula walichokula na kuanza kupanda matawi kukukimbia, kabla mbawa zao hazijaweza kuwabeba. Wakianguka majini au chini, mzazi mara nyingi hatawalisha huko. Heroe ndio wepesi kuliko wote kuvunjika moyo: jozi moja hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha matope, na kundi zima linaweza kuhama likitishwa. Ziwa Natron nchini Tanzania ndilo kitalu kikuu cha heroe wadogo duniani. Usumbufu mmoja mahali kama pale si sawa na usumbufu mmoja mahali pengine.

Nitajuaje kama nimemsumbua?

Ndege hukueleza mapema sana, kabla hajaruka. Huacha kula na kunyoosha shingo. Kitwitwi huanza kuinamisha kichwa mara kwa mara kama mwenye kwikwi. Wengine hudonoa ardhi pasipo na chakula, au hujipangapanga manyoya ovyo ovyo, mambo ambayo mpiga picha mgeni huyaona kuwa utulivu. Kitwitwi anaweza hata kuketi kwenye mchanga mtupu akijifanya anaatamia, ili uamini kiota kiko pale.

Kisha huja mchezo wa bawa lililovunjika. Anajikokota mbele yako, bawa moja analiburuta, mkia ameutandaza, analia. Wageni hupiga picha nyingi sana hapo, na picha zenyewe hupendeza. Jua kwamba anakusihi uondoke, na kwamba mayai au vifaranga wako karibu kabisa na miguu yako. Simama, tazama chini, rudi kwa alama za nyayo zako mwenyewe ulizokuja nazo. Usizunguke.

Kipimo changu cha mwisho ni hiki: ndege aliyetoka kiotani anatakiwa arudi mwenyewe baada ya dakika chache, wewe ukiwa bado pale. Asiporudi, umekaa karibu mno. Hata kama hujapata kitu, ondoka sasa.

Basi niambie umbali. Mita ngapi?

Siwezi kukupa namba moja, na anayekupa anakudanganya. Yangeyange wa bustani ya mjini na yangeyange huyo huyo wa kinamasi kisichofikika ni viumbe wawili tofauti. Msome ndege.

Maficho yanatumikaje kwa viota?

Ni njia ya zamani, na ina heshima yake. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, wakati kamera ilikuwa sanduku la mbao na vioo vizito. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa ngozi mwenye uwazi tumboni, mpiga picha akaingia humo na kamera yake. Ndege walimwona ng'ombe, ng'ombe hana neno.

Siri yao ndiyo siri ya leo: kitu kisichotisha, kinachoingia polepole. Kwa kiota cha mtini au mateteni pembeni ya bwawa, hema dogo huwekwa mbali kwanza na kuachwa. Ndege akilizoea, kesho yake linasogezwa kidogo. Kazi hiyo huchukua siku, na ikitokea ndege kusita kurudi, hema linarudishwa lilikotoka. Unaingia na mwenzako, kisha mwenzako anaondoka peke yake akionekana waziwazi. Ndege wengi hawahesabu. Wakiona mtu ameondoka huamini wamebaki wenyewe. Kutoka nako ni hivyo hivyo: mwenzako aje akuchukue, usichomoke hemani kama jini na kuwashtua wote.

Hayo yote ni kazi ya mtu mwenye uzoefu, mwenye kibali, na mwenye sababu inayozidi picha moja. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, nenda kwenye vibanda vya kudumu vilivyojengwa katika hifadhi. Ndege wamekwishavizoea, na mara nyingi huzaa mbele yavyo kabisa.

Naweza kusogeza tawi au nyasi zinazoziba?

Hapana. Jani hilo ndilo kivuli na ndilo pazia. Ukilifunga kwa kamba na kulirudisha baadaye, bado umelifungulia kunguru kwa saa nzima.

Vipi kuhusu kamera ya rimoti kando ya kiota?

Watu huniambia: mimi sitakuwepo, kwa hiyo hakuna usumbufu. Lakini ulikuwepo ulipoiweka, utakuwepo utakapoitoa, na betri ikiisha utarudi. Katikati ya hapo kuna kitu kigeni chenye jicho kubwa la kioo mbele ya mayai. Sifanyi hivyo kwenye viota vya chini, na sijawahi kuona picha ya namna hiyo iliyonifanya nibadili mawazo.

Na droni?

Usirushe droni juu ya ndege wanaozaa. Mei 2021, kwenye hifadhi ya Bolsa Chica, California, droni iliangukia kisiwa walichokuwa wakizalia buabua. Ndege wapatao 3,000 waliondoka, na mayai yasiyopungua 1,500 yakaachwa juani. Msimu mzima wa kundi lile uliishia hapo. Ndege wa chini hukitazama kitu kinachoelea juu yao kama wanavyomtazama mwewe, na korongo kwenye miti hivyo hivyo.

Flashi na sauti za kurekodi?

Hapana kwa vyote viwili, wakati wa kuzaa. Chekeamwezi ana macho makubwa ya njano kwa sababu anaishi usiku. Fikiria flashi kwenye macho yale.

Nikikaa mbali, kuna picha gani ya maana kwenye kiota?

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hawafiki kwa sababu wameshika kamera wakiwaza mayai. Dume la korongo huja na kijiti, jike hukipokea na kukichomeka mwenyewe, akikigeuza hadi aridhike. Korongo weupe hutupa vichwa nyuma mgongoni na kugonganisha midomo, utasikia kabla hujaona. Zamu zinapobadilishwa hutokea kitambo kifupi ambapo wazazi wote wawili wamesimama kiotani. Kipindi hicho ndicho picha. Jifunze saa zao. Wakibadilishana mara chache kwa siku, utajua lini uwe na kidole kwenye kitufe na lini upumzishe mikono.

Tazama pia rangi. Yangeyange mkubwa anapoanza kuzaa, ngozi iliyo kati ya jicho na mdomo hugeuka kijani kibichi, na mgongoni humwota yale manyoya membamba marefu kama nyuzi za hariri. Siku za rangi kali ni chache mno, hufifia wakishaanza kulea. Manyoya hayo yamemponza. Mwishoni mwa karne ya 19 yalipelekwa kwa watengeneza kofia, na kwa kuwa huota msimu wa kuzaa tu, wawindaji waliwaua wazazi viotani na kuwaacha makinda wafe njaa. Hasira dhidi ya biashara hiyo ndiyo iliyoanzisha, mwaka 1889, chama cha kulinda ndege cha Uingereza kinachoitwa leo RSPB. Kila ninapomwona mmoja akiyatandaza manyoya yale upepo ukipita, mbali, kwenye lenzi ndefu, nashukuru kwamba siku hizi tunaondoka na picha yake.

Sheria inasemaje?

Inategemea ulipo, kwa hiyo waulize wenye mamlaka ya wanyamapori kabla ya msimu. Kwa mfano, Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1981, kuna ndege ambao kuwasumbua kiotani bila leseni ni kosa la jinai, chekeamwezi wa huko akiwamo. Marekani ina sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918 inayolinda ndege pamoja na mayai na viota vyao. Mashindano mengi ya picha nayo yana masharti kuhusu picha za kiota. Soma kabla hujatuma.

Nikichapisha picha mtandaoni, niseme ilipigwa wapi?

Kiota, usiseme. Wala usionyeshe. Simu na kamera nyingi huandika mahali ndani ya faili lenyewe. Futa taarifa hizo kwanza. Angalia na nyuma ya ndege: mnara, daraja, jiwe lenye umbo la pekee, vyote humwelekeza mtu. Subiri makinda waruke, ndipo uchapishe. Programu za kurekodi ndege walioonekana, kama eBird, huficha mahali pa spishi zilizo hatarini, na ikiwa wao wenye kazi ya kukusanya mahali wanaficha, sisi tunatangaza kwa ajili gani? Kwenye maelezo andika ukweli: kutoka kwenye kibanda cha hifadhi, kutoka garini, umbali ulioonekana. Wanaoanza hujifunza kwa maelezo hayo.

Nitembeeje ufukweni msimu wa kuzaa nisije nikakanyaga mayai?

Tembea kwenye mchanga uliolowa, chini ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji. Vitwitwi hutaga juu ya mstari huo, kwenye mchanga mkavu, kokoto na makombe yaliyovunjika. Ukisikia mlio mwembamba unaojirudia na ndege akikimbia mbele yako huku akigeuka kukutazama, umeshaingia kwao. Mbwa abaki nyumbani. Kwenye tambarare za ndoero hutahitaji ishara, atakushukia kichwani akipiga kelele.

Nimekuta kifaranga peke yake, analia. Nimchukue?

Karibu kila mara, hapana. Kifaranga wa kitwitwi au ndoero hakai kiotani, huzunguka akijitafutia chakula, na mzazi akipiga mlio wa hatari hulala chini na kuganda kama jiwe. Mzazi yuko karibu, ananyamaza kwa sababu yako. Usimguse, usimpige picha kwa kumsimamia. Rudi nyuma, mbali kabisa, keti chini, tumia darubini. Ukikaa kimya utaona kwanza mzazi akitokea pembeni, anakimbia, anasimama, anakimbia. Atatoa mlio mwingine, laini. Pale ulipodhani pana kokoto, kokoto itaota miguu miwili mirefu isiyolingana na mwili, itakimbia mbio hadi kwake, na itajichomeka chini ya manyoya ya tumbo mpaka ibaki miguu tu. Wakati mwingine utahesabu miguu minane zaidi ya ile ya mzazi. Hapo una picha, kutoka pale ulipokaa.